Podikasti za kufundishia darasani, mnazipata wapi na mnazitumiaje kwa darasa la watu 72?

mwl_kidato2

Habari zenu walimu wenzangu, na shkamooni wakubwa. Nina jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, naomba mnisaidie.

Nafundisha Kiingereza na Kiswahili kidato cha pili, shule ya kata, mkondo mmoja una watoto 72. Wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza wanakisikia kutoka mdomoni kwangu basi, wakitoka pale getini hakuna mwingine. Nikasema hapana, lazima wasikie na sauti za watu wengine. Rafiki yangu alinitumia podikasti moja ya historia ya Kiingereza, nzuri kweli, mwenyewe niliisikiliza mara mbili huku naosha vyombo. Jumanne nikaingia nayo darasani. Simu nikaiweka ndani ya ndoo ya plastiki ili sauti ikue, nikabonyeza, nikakaa pembeni. Ilikuwa ya dakika 24.

Dakika ya tano hivi nikagundua waliokaa mbele hawasikilizi, wananiangalia mimi usoni, wanasoma uso wangu ili wajue hapa ni pa kucheka au pa kunyamaza. Nyuma kule hawasikii chochote, wameanza kuchorana mikono kwa kalamu. Ikaisha nikauliza mmeelewa? "Yes madaaam." Nikauliza huyu mama anayeongea kwenye podikasti alikuwa anazungumzia nchi gani. Kimya. Watoto 72 kimya kabisa, mpaka nikasikia mwalimu wa darasa la jirani anavyofundisha bailojia.

Iliniuma kwa sababu najua kitu chenyewe ni kizuri, naamini kabisa wakipata sikio la Kiingereza hata kusoma kutabadilika. Sasa naomba kujua, mnazipata wapi zinazofaa watoto wa umri huu? Ziwe na urefu gani? Za Kiswahili zipo maana na kipindi cha Kiswahili ni changu? Na mnafanyaje ikiwa wanafunzi hawaruhusiwi simu, mtandao shuleni unashika pembeni ya tanki la maji tu, na bando ni la mfukoni kwangu? Mkuu wa shule naye kaniuliza kwa upole kama hiyo ipo kwenye silabasi, sikuwa na jibu la kueleweka.

ticha_wa_ziwa

Dada anza na 6 Minute English ya BBC Learning English. Jina linajieleza, dakika sita, watu wawili wanaongea taratibu kuhusu mada moja, wanauliza swali mwanzoni na jibu wanalitoa mwishoni, na maneno magumu sita yanaelezwa humohumo. La muhimu kuliko yote, kila episodi ina maandishi yake yote, unayasoma kabla hujaingia darasani. Mi nawapa kidato cha tatu na cha nne, cha pili labda uwakatie.

mzee_wa_ubao

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujaribu, wengi hawajaribu.

Nimestaafu lakini ubao haujanitoka, kwa hiyo nivumilie nikiandika sana. Hiyo podikasti uliyoweka haina ubaya wowote, tatizo lilianza pale ulipobonyeza ukakaa pembeni. Ukisikiliza unaosha vyombo we umeshaelewa lugha, sikio linafanya kazi lenyewe. Mtoto anayejifunza lugha hawezi kubeba dakika 24, hata 6 ni nyingi kama hajapewa kitu cha kutafuta.

Nikukumbushe jambo. Mwaka 1973 nchi hii, Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Nilikuwa darasa la tatu, na baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi pale kijijini. Redio moja, watu kumi na kitu wamekaa chini ya mwembe, kila kikundi kimeletewa vijitabu. Mimi nilikuwa nashika redio isianguke. Kipindi kikiisha baba anazima, halafu anawauliza: haya, hapa kwetu je? Vyoo viko vingapi? Maji ya kunywa nani anachemsha? Hapo ndo shughuli inaanza, mjadala mpaka giza linaingia, na kabla ya kuondoka wanakubaliana kila mtu akafanye nini nyumbani kwake. Inakadiriwa watu kama milioni mbili walishiriki nchi nzima, na ile haikuwa kwa sababu redio ilikuwa na maneno matamu, ilikuwa kwa sababu kila redio ilikuwa na mtu pembeni anayejua atauliza nini ikizimwa. Podikasti ni redio ileile, tofauti ni kwamba sasa unaweza kuirudisha nyuma, na hilo baba yangu angelipenda sana.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nafanya hivi. Nakata dakika mbili, zikizidi sana tatu. Naandika ubaoni maswali mawili tu KABLA ya kubonyeza, tena mepesi, kwa mfano wako watu wangapi wanaongea, na wako nje au ndani. Mara ya kwanza kalamu chini, wasikilize tu wajibu hayo mawili, na hayo hata aliyeshindwa Kiingereza kabisa anayaweza, ndo maana nayaanza, kila mtoto anatoka na kitu. Mara ya pili wanaandika: nani, wapi, lini, kiasi gani. Wanalinganisha na jirani yake kwenye dawati. Mara ya tatu nasimamisha katikati, nawauliza atasema nini sasa, halafu tunasikia kama ni kweli. Dakika mbili za sauti zinakula dakika 30 za kipindi na hutaona anayesinzia.

Siku moja kuna kipande msemaji alitaja umri wa mtu. Nusu ya darasa wakaandika 13, nusu wakaandika 30. Wakaanza kubishana kweli kweli, mmoja anasema mtu wa miaka 13 atakuwaje na mke, mwenzake anamwambia hujasikia mke kaka, umesikia wewe kichwani. Nikarudisha. Nikarudisha tena. Nadhani tulisikiliza mara saba. Mara ya saba binti mmoja wa dawati la mwisho akanyoosha mkono akasema "mwalimu, hili linavutwa mwisho". Nikamwita ubaoni aandike, akaandika thir halafu TEEN kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini. Thirty inapanda mwanzo halafu inakatika, thirteen inavutwa mwisho. Mkazo wa maneno nilikuwa nimeufundisha kwenye ubao miaka yote na hakuna aliyeushika kama siku ile.

Kuhusu mkuu wako mwambie hivi kwa heshima: stadi za lugha ni nne, kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na kusikiliza kumeandikwa kwenye muhtasari wa Kiingereza na wa Kiswahili. Kwenye Kiswahili kipo kabisa kinaitwa ufahamu wa kusikiliza. Kwenye andalio la somo andika hivyohivyo, sehemu ya zana andika "sauti iliyorekodiwa, dakika 2". Hatakuwa na neno.

hesabu_tu

Naheshimu sana mawazo yenu ila niseme na upande wa pili. Mtihani wa kidato cha nne ni wa kuandika tu, hakuna sehemu ya kusikiliza sauti. Mwalimu ana vipindi vya dakika 40, watoto 72, madaftari ya kusahihisha ya watoto haohao 72. Hizo dakika 30 za kusikiliza mtu mmoja zinatoka wapi?

mzee_wa_ubao

Swali la haki kabisa. Zinatoka kwenye ufupisho na utungaji. Wakishasikiliza mara tatu wanazo pointi kwenye daftari, hizohizo wanaziandika kuwa aya moja ya maneno hamsini. Umefundisha ufupisho, na kwa uzoefu wangu ni ufupisho bora, kwa sababu akisoma ana tabia ya kunakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu, lakini akisikiliza hawezi kunakili, analazimika kusema kwa maneno yake. Na kusahihisha aya moja ni kufupi. Mara moja kila wiki mbili inatosha, sijasema kila siku.

pwani_ya_chaki

Asalaam aleikum walimu. Mie nipo Unguja, nafundisha madarasa ya chini ila nimeona hili linanihusu.

Alosema mzee kuhusu kusimamisha katikati ndilo lenyewe. Sisi huku watoto wa maandalizi walikuwa na vipindi vya redio vikiitwa Tucheze Tujifunze, mfano ule unaitwa mafunzo shirikishi kwa redio. Redio inauliza "hiki ni nini?" halafu inanyamaza makusudi kwa nukta kadhaa, watoto wote wanaijibu redio kwa sauti, kisha redio inasema jibu. Inawaambia simama, ruka mara tatu, mwambie mwenzako. Mwalimu naye anaambiwa cha kufanya humohumo. Kenya walikuwa na mfano kama huo kufundishia Kiingereza madarasa ya chini tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Basi podikasti za kawaida hazina kile kimya, zinakimbia tu moja kwa moja, kwa sababu zimetengenezwa kwa mtu mzima yumo ndani ya gari au anapika. Kimya lazima ukitie wewe kwa kidole chako. Nikiandaa sauti naandika kwenye karatasi ndogo: 0:35 simamisha uliza rangi, 1:10 simamisha uliza nani kaondoka. Bila karatasi ile utasahau, utajikuta unasikiliza na wewe.

Jengine, kama una wadogo, shirika la Ubongo la Dar es Salaam wanazo sauti za Kiswahili za watoto, hesabu, sayansi, nyimbo, unazipakua bure. Zile zimetengenezwa kwa mtoto tangu mwanzo na unaisikia tofauti.

fundi_sauti

Mimi sio mwalimu, nafanya kazi ya sauti kwenye redio ya jamii, lakini mke wangu anafundisha na namsaidia, kwa hiyo nitasema yale ya vyombo maana naona hapo ndo watu wengi wanakwama wakidhani watoto hawaelewi kumbe hawasikii.

Kwanza ile ndoo. Ndoo inakuza mlio mzito na kuufanya uvume, wakati maneno tunayatambua kwenye sauti nyembamba, zile s na t na k na f. Yani unaongeza kelele unapunguza maneno. Kwa Kiingereza ni mbaya zaidi sababu nusu ya sarufi yao imekaa kwenye s na t za mwisho wa neno. Tafuta spika, hata zile redio ndogo za kichina zinazoingia flashi na memori kadi zinafaa kabisa, ziko kila soko, betri ya kuchaji, huhitaji umeme. Sabufa sikushauri, bezi nyingi mno.

Pili spika isikae mbele kwenye meza ya mwalimu. Iweke KATIKATI ya darasa, juu ya dawati lililopandishwa juu ya dawati, iwe juu ya vichwa vya waliokaa. Ukiweka mbele lazima ufungulie mpaka mwisho ili wa nyuma wasikie, ikishafika mwisho inakwaruza, wa mbele wanaumia masikio na wa nyuma wanasikia mkwaruzo. Katikati kila mtu yuko karibu kwa kadiri yake na unafungulia nusu tu. Na darasa la bati lisilo na dari mvua ikinyesha, acha, fanya kitu kingine siku hiyo, hakuna spika ya kushindana na bati.

Tatu bando. Podikasti sio video, msichanganye. Faili la mp3 la 128 kbps (hicho ni kipimo cha ubora wa sauti) ni kama MB moja kwa dakika, kwa hiyo 6 Minute English ni kama MB 6 tu. Ukiishusha mpaka 64 kbps kwa mono, yani sauti ya njia moja, inakuwa kama nusu MB kwa dakika, na kwa maongezi ya kawaida kwenye spika ndogo hutasikia tofauti ya maana, muziki ndo ungeharibika. Wanaofungulia YouTube darasani wanachoma bando kwa picha ambayo hakuna anayeiona. Weka app inaitwa AntennaPod kwenye simu ya Android, ni ya bure, haina matangazo yake, unatafuta podikasti kwa jina, unajiunga, unaiambia idanlodi ikiwa kwenye waifai tu. Ukipita mjini sehemu yenye waifai inavuta zote, ukirudi shuleni unazo bila mtandao.

Nne kukata. Kama una kompyuta tumia Audacity, ni bure. Unafungua faili, unachagua kwa mausi dakika mbili unazozitaka, unaeksport mp3. Humo kuna kitu cha kupunguza mwendo bila kuifanya sauti iwe nzito kama ya jitu, kinaitwa Change Tempo. Punguza asilimia 10 mpaka 15 hivi, ukizidisha maneno yanaanza kuburuta na mtoto anajifunza Kiingereza ambacho hakuna anayekiongea. Afadhali urudie mara nne kwa mwendo wake kuliko kuburuta.

Na eksport kwa MP3. Usiache m4a wala ile ya voisi noti za WhatsApp, redio nyingi za flashi hazizisomi, utafika darasani unachomeka flashi inaandika namba tu na kunyamaza. Ijaribu nyumbani kwenye redio ileile utakayoitumia.

mama_hamburg

Salamu kutoka Ujerumani. Mimi Jumamosi nafundisha Kiswahili watoto wetu wa huku, wanaelewa cha bibi kwenye simu lakini kuongea hawataki. Umeuliza za Kiswahili, nikwambie ninazozitumia.

Habari za UN Kiswahili wana jarida la sauti, na taarifa zao nyingi zina maandishi yake chini, hiyo ni dhahabu kwa mwalimu. Wana kipengele cha kujifunza Kiswahili ambapo mtaalamu anafafanua neno au methali kwa dakika chache tu, hakina haja hata ya kukatwa. Sauti fupi namna hiyo mwanangu wa miaka kumi anasikiliza mpaka mwisho na anauliza swali. Pia DW, redio ya Ujerumani, walikuwa na michezo ya redio ya vijana, Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, iliyoandaliwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, ni maigizo yenye mada za afya, ajira, mazingira, wahusika wanaongea kama watu wanavyoongea na siyo kama kitabu. Kwa darasa la wakubwa, inafaa sana kwa mjadala.

Ushauri mwingine mmoja, ukipenda kitu kidanlodi siku hiyohiyo, usihifadhi linki. App niliyokuwa natumia ilifungwa na orodha yangu ya miaka miwili ikaenda nayo. Na VOA, Sauti ya Amerika, waliokuwa na habari za Kiingereza cha polepole tangu mwaka 1959, tuliona Machi 2025 matangazo yao yalivyosimamishwa ghafla. Sauti iliyo kwenye flashi yako haiondoki.

mwalimu_wa_bonde

Hamjambo wenzangu, mimi niko Nakuru, Kenya, nafunza Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Huku simu pia wanafunzi hawaruhusiwi na madarasa yamejaa vilevile.

Mimi sauti nimezitumia sana kwenye isimujamii. Nyinyi Tanzania naona mnaita rejesta, sisi tunaita sajili, ni kitu kimoja, yaani namna lugha inavyobadilika kulingana na mahali na shughuli. Miaka mingi nilikuwa nikiwapa sifa za sajili ya michezo, ya biashara, ya mahakama kwenye ubao, wanakariri, halafu mtihani ukileta mazungumzo mafupi waseme ni sajili gani na watoe ithibati, wanachanganyikiwa. Nikaanza kuwaletea sauti. Sekunde 90 tu za mtangazaji wa mpira, nimekata kutoka kwa redio. Nawauliza: mbona hamalizi sentensi? Mbona anarudia jina la mchezaji mara nne? Mbona anapandisha sauti? Wanajua wenyewe, kwa sababu mpira unakimbia na yeye anaukimbiza. Hapo sifa hazikaririwi tena, wanazieleza.

Halafu nikaenda hatua moja mbele, nikawaambia likizo warekodi wao. Kwa simu ya mzazi, dakika moja, sauti itumwe kwangu kwa WhatsApp. Kuna kijana mama yake ni fundi wa nguo. Akamrekodi mama akizungumza na mteja kuhusu bei ya kushona sare. Nilipoifungua darasani, kabla hata mtu hajasema neno ilisikika cherehani, trrrr trrrr, na darasa zima likapiga kelele "BIASHARA!" Wakaridhika kabisa, wakafunga madaftari. Nikawaambia ngojeni, karatasi ya mtihani haina sauti ya cherehani, nionyesheni kwa maneno. Tukarudia. Wakaanza kutoa: "haipungui hapo?", "nitakupimia", "weka kitu kidogo niandike jina lako". Kuna msichana akasema, mwalimu, mteja anaanza na "mama" lakini bei ikikataa anasema "wewe", na wote tukarudi kusikiliza na ni kweli, heshima inabadilika na bei. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaisikia hiyo. Yule kijana alikaa wima siku hiyo, mama yake amekuwa kitabu cha kiada.

Tahadhari moja tu. Sauti ni ya mtu. Tulimpigia mama yake simu kwanza kumwomba ruhusa, na sauti za wanafunzi sizipandishi mtandaoni kamwe, wala majina, ni watoto hawa. Zikishafanya kazi nazifuta.

ticha_wa_ziwa

@mwalimu_wa_bonde hiyo ya cherehani naichukua kesho. Swali, na hizi podikasti za watu tunavyozikata vipande haina shida?

fundi_sauti

Kuwachezea watoto darasani dakika mbili na kuwaambia zimetoka wapi ni kitu kimoja, kuzipandisha kwenye chaneli yako zikiwa zimekatwa ni kitu kingine, hicho usifanye bila ruhusa. Wengine wanaandika kabisa kwenye ukurasa wao leseni inaruhusu nini, soma. Na ukiwa na shaka waandikie, sisi watu wa redio tukiambiwa sauti zetu zinatumika shuleni tunafurahi sana, mimi nilishawahi kuwatumia walimu wawili faili zima bila kelele za muziki nyuma.

mwl_kidato2

Wakubwa na wenzangu, nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nafanya kama mlivyoniambia kwanza ndo niandike.

Nimenunua redio ya flashi, hizo za soko. Nimeenda mjini Jumamosi, nikakaa kwa shemeji yangu mwenye waifai, nikadanlodi episodi nane za 6 Minute English na za Kiswahili za UN kumi na mbili, zote hazikufika hata MB 100. Binamu yangu akanikatia kipande cha kwanza kwa Audacity, dakika moja na sekunde 50, na maandishi yake nimeyanakili kwa mkono.

Alhamisi kipindi cha tatu. Madawati mawili nimeyabebanisha katikati, redio juu. Nikaandika ubaoni maswali mawili, wanaongea wangapi, na mmoja wao anacheka au hachekagi. Kalamu chini. Nikabonyeza na safari hii nikasimama nyuma kabisa kwa makusudi, ili wasiwe na uso wangu wa kusoma. Mara ya kwanza waliosema wawili na waliosema watatu wakalingana. Mara ya pili mikono ikaanza kunyooka hata ya watoto ambao tangu Januari sijawahi kusikia sauti zao. Mara ya tatu nilisimamisha katikati ya sentensi, pale msemaji alipofika kwenye "because", nikawauliza because nini? Mmoja akajibu kwa Kiswahili, nikamwambia sawa, mwenzake amsaidie kwa Kiingereza, wakaisuka watu wanne mpaka ikawa sentensi. Nilivyobonyeza tena msemaji akasema kitu tofauti kidogo na chao, na wakamkatalia. Wakamkatalia msemaji wa podikasti! Wakasema sababu yao ni nzuri zaidi, na wakanieleza kwa nini, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, kengele ikalia wamo bado wanaeleza.

Mzee wangu, kwenye andalio niliandika kama ulivyosema, mkuu alipita dirishani akasimama kama dakika tano, hakuingia, jioni akaniuliza tu redio nimenunua shilingi ngapi.

Aya za maneno hamsini ninazo hapa mezani 72, nimesahihisha 40. Wengi wameandika "people" kwa kuanza na herufi b, nadhani ndivyo wanavyoisikia kwenye spika au ndivyo ninavyoitamka mimi, nitawarudishia sauti Jumatatu tusikilize p peke yake. @fundi_sauti kuna namna ya kuisikilizisha p vizuri kwenye spika ndogo?

fundi_sauti

Ipo. Geuza spika iwatazame wao isitazame dari, punguza bezi kama redio ina kitufe cha ikwalaiza, chagua ile iliyoandikwa POP usichague ROCK. Halafu kabla ya spika watamkishe wao kwanza, kila mtu ashike kipande cha karatasi mbele ya mdomo, akisema people kwa Kiingereza karatasi inaruka, akisema kwa b haitikisiki sana. Mke wangu anatumia karatasi za madaftari yaliyoisha. Wakishaiona karatasi inaruka, ndo uwafungulie sauti.